Daraja Asilolikumbuka

Erasmo Ndunguru alifika juu ya mteremko saa nane na dakika kumi mchana, akaegesha lori kwenye uwanja wa changarawe, akazima injini, na kabla hajafungua mlango akaanza kuirudia barabara kinyumenyume. Ndivyo alivyofanya kila aliposimama, kwa miaka ishirini na minne. Kibanda cha mihogo ya kuchoma: alikiona, na mwanamke aliyekuwa akipepea moto kwa mfuniko wa ndoo. Kigango chenye msalaba wa zege: alikiona, na mbuzi wawili ukutani, mmoja ana kamba. Kisha daraja.

Daraja hakuliona.

Alifumba macho akalitafuta tena. Mtambo wa kumenya kahawa, ulio kilomita tatu nyuma ya daraja, aliukumbuka vizuri. Ulifungwa kungoja msimu, na alikumbuka hata kufuli lake jipya. Kutoka kwenye kufuli lile hadi kwa wale mbuzi hapakuwa na kitu.

Na daraja lipo. Ni la zege, lina vyuma vya pembeni vilivyopakwa rangi ya njano, na upana wake ni wa gari moja. Lori lenye trela na tani ishirini na nane za makaa ya mawe halilivuki kwa bahati. Lazima dereva apunguze mwendo, ashushe gia, alenge. Kwa hiyo mikono yake ilipunguza, ilishusha, ililenga. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Hakushtuka, kushtuka hakumsaidii mtu. Alihesabu. Foleni ya kupakia mgodini, upande wa Litumbandyosi, ilichukua siku mbili, na foleni ile husogea urefu wa lori moja kila baada ya dakika arobaini au hamsini, mchana na usiku. Asiyesogea hupitwa. Tangu kampuni iache kuajiri utingo, dereva husogeza mwenyewe. Katika siku hizo mbili alikuwa amelala jumla ya saa nne na ushee, tena kwa vipande.

Kanuni yake ilikuwa fupi, na aliipata kwa Kilian, mtu aliyemfundisha kazi: kitu kimoja kikipotea njiani, unasimama, usingoje cha pili. Kilian mwenyewe aliivunja mara moja. Alikufa saa nne asubuhi, kwenye barabara iliyonyooka kama rula, bila tone la pombe mwilini.

Na mbele ya Erasmo hapakuwa na barabara iliyonyooka. Madereva waliuita mteremko ule Ngazi. Kilomita kumi na moja, kona tisa, changarawe iliyochimbwa na mvua za Aprili, na chini kabisa ziwa, limetulia kama halihusiki. Aliamua kulala pale juu mpaka alfajiri. Akafungua mlango, akashuka, na ndipo alipoona msiba.

Ulikuwa ng'ambo ya uwanja. Pikapu imeinamia upande mmoja, watu kama arobaini, na jeneza limewekwa juu ya mabenchi mawili ya kuazima. Kando ya jeneza, juu ya mkeka, alikaa mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Vitalia, dada yake.

Habari za kifo alikuwa nazo. Shemeji yake Joakim alifariki Jumanne katika hospitali ya Mbinga, na Erasmo alikuwa amempigia dada yake kutoka kwenye foleni, akamwambia atashusha makaa kwanza gatini, kule ziwani, kisha atakuja matangani. Hakutegemea kukutana na jeneza njiani.

Aliyemfikia kwanza ni Placidi, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa miaka sitini na saba, mrefu, mwenye koti zito lisilofaa kwa joto lile.

"Shikamoo, mzee Placidi. Poleni sana."

"Marahaba, mlamu. Pole tumeshapoa, sasa tunaanza kuiva. Propela ya pikapu imekatika. Unamwona ndugu yako pale? Amewekwa kwenye benchi kama anangoja namba ya daktari." Hakucheka. "Padri anatungoja Mbaha, kule chini, saa kumi. Kaburi liko tayari tangu asubuhi, na kaburi likishachimbwa halilali wazi. Mungu amekuleta wewe. Vijana, inueni."

Vijana sita walikuwa wameshashika jeneza.

"Wangoje kidogo," Erasmo alisema.

Nchi ile haina sheria iliyoandikwa juu ya jambo hili, lakini kila dereva anaijua: gari likikuta msiba umekwama, linabeba. Haliulizi mzigo, haliulizi haraka. Dereva anayekataa hupewa jina, na jina hilo wanawe hulikuta shuleni.

"Gari bovu?" Placidi aliuliza.

"Gari zima."

"Mafuta?"

"Yapo."

"Sasa tunangoja nini?"

"Dereva ndiye hayuko sawa."

Mzee alimtazama toka viatu hadi kofia. Aliona mtu aliyesimama wima, shati limefungwa vifungo vyote, macho makavu. Akasogea karibu kidogo, akavuta pumzi kwa pua.

"Hujanywa."

"Sijanywa."

"Huumwi."

"Siumwi. Kuna daraja sikumbuki kulivuka."

Kicheko kidogo kilipita katikati ya vijana, kikazimwa kwa heshima ya jeneza. "Mlamu," Placidi alisema taratibu, "mimi sikumbuki hata nilichokula jana. Miguu yangu inajua njia, inatosha."

"Miguu yako haibebi tani ishirini na nane."

"Basi lala kidogo. Robo saa. Tutakupepea kwa majani kama askofu."

"Robo saa ingenifaa kama ningekuwa nimekosa saa moja. Nimekosa siku mbili. Nikilala kidogo nitaamka nikijiona mzima, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nitateremka kesho alfajiri."

Neno kesho lilifika kwenye mkeka. Vitalia aliinuka bila kusaidiwa, akaja. Alikuwa na miaka sitini, mkubwa kwa Erasmo kwa minane, na alikuwa bado na namna ileile ya kumtazama kama anamkagua kucha kabla ya misa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umesema kesho?"

"Nimesema kesho."

"Mume wangu ametoka kwenye baridi ya hospitali tangu saa moja asubuhi. Kesho atakuwaje, Erasmo? Wewe unapenda hesabu, nifanyie hiyo."

Hesabu hiyo alikuwa nayo.

"Ulipokuwa kijana, ukalala kwangu na malaria ya kichwa, nani alikupakia mtumbwini? Ziwa limechafuka, wenzake wote wamevuta mitumbwi juu ya mchanga. Joakim alipiga kasia kwa saa tano mpaka hospitali. Nilimsikia mimi kwa masikio yangu. Hakusema amechoka."

"Alikuwa amelala usiku uliotangulia," Erasmo alisema.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa baya. Hata vijana waliokuwa wameshika jeneza walitazama chini. Vitalia hakulia wala hakupaza sauti. Alirudi kwenye mkeka akakaa, na watu walijipanga upya taratibu, mpaka Erasmo akajikuta amesimama peke yake kwenye changarawe.

Njia nyingine zilijadiliwa mbele yake kana kwamba hayupo. Gari pekee la kule Lituhi, mwambaoni, lililoweza kuja lilikuwa limekwenda Songea. Kubeba jeneza begani kwa njia ya mkato kungewezekana kiangazi. Sasa mvua ilikuwa imeng'oa ngazi za udongo, na mtu asiye na mzigo alishuka kwa kushika miti. Malori ya asubuhi yalikwisha kupita.

Ndipo lori la pili liliposikika, likipiga honi ndefu kama la harusi.

Dereva wake alikuwa Steven, mwenyeji wa mwambao, umri miaka thelathini na moja, minne kati ya hiyo kwenye Ngazi. Makaa yake hayakuwa na turubai. Alipoona jeneza aliacha honi, akavua kofia, akashuka akasalimia wazee mmoja mmoja. Alipofika kwa Erasmo, ulimi ulirudi mahali pake.

"Kaka Erasmo. Nilijua nitakukuta. Ukimfuata Erasmo kwenye Ngazi unasali rozari nzima na litania juu yake." Kisha akasikia habari, na uso wake ukabadilika. "Hapana. Msiba haungoji. Wazee, pakieni kwangu. Marehemu juu, akina mama juu, tutabanana. Saa kumi kamili tuko Mbaha, hata Padri hajavaa."

Watu walianza kwenda kabla hajamaliza. Wanawake wawili walikuwa wameshakanyaga ngao ya nyuma kupanda juu ya makaa.

Erasmo alitazama magurudumu ya Steven. Chini ya trela lilining'inia dumu la lita ishirini, limekatwa juu, limefungwa waya. Alijua kazi ya dumu lile. Madereva wengi wa Ngazi walikuwa na mtindo huo: unaachia gari liteleze bila gia ili kuokoa mafuta, unalizuia kwa breki peke yake, na katikati ya mteremko, breki zikianza kutoa moshi, unasimama kwenye kijito na kuzimwagia maji. Moshi unaisha. Dereva anaona ameponya. Lakini chuma kilichoiva kikipigwa maji baridi hupasuka, na ufa wake mara ya kwanza ni mwembamba kuliko unywele.

"Wiki hii umeteremka?"

"Mara mbili."

"Ulimwagia?"

"Kila mtu anamwagia, kaka. Maji ya bure."

"Nipe nyundo."

"Ya nini?"

"Nizigonge breki zako. Ni dakika kumi. Kama ziko salama utakuwa umeniaibisha mbele ya ukoo mzima wa shemeji yangu, na stori hiyo utaila mwaka mzima pale mgodini."

Steven aliwatazama watu, akaona wote wanamtazama. Akatoa nyundo.

Erasmo alitafuta mawe manne, akayakaza mbele ya magurudumu, akakanyaga kila moja kuhakikisha. Akamwambia Steven aachie hendibreki, kwa sababu breki iliyobana huua sauti. Kisha akajilaza chali kwenye changarawe, akaingia chini ya trela. Ndani ya kila gurudumu kuna dramu, pipa fupi la chuma ambalo breki hulibana. Akaigonga ya kwanza.

Ililia. Sauti ndefu, safi, kama kengele ya kigango ikisikika kutoka ng'ambo ya bonde. Ya pili ikalia, na ya tatu. Juu yake alisikia miguu ikihamahama na sauti ya Placidi: "Sasa tunafanyiwa misa na mafundi." Za trela zote sita zililia. Alitambaa kwenda kwenye kichwa cha lori. Ya nyuma kulia, ikalia. Ya nyuma kushoto, ikasema *ka*, ikanyamaza.

"Rudia," alisema Vitalia kutoka kwenye mkeka.

Erasmo alirudia. *Ka.*

Vitalia alikuja mpaka kwenye gurudumu, akainama, mkono mmoja umeshika tairi. Kwa miaka arobaini alikuwa amepikia vyungu vya Wakisi, vile vinavyoletwa kwa boti kutoka upande wa Kyela na kupangwa mchangani. Hakuna mwanamke wa mwambao anayelipia chungu kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole na kukitegea sikio. Macho hudanganywa na rangi. Sikio halidanganywi.

"Hicho nisingekinunua," alisema.

"Mama, ni kimoja," Steven alisema. "Kimoja kati ya kumi. Tisa zinatosha."

"Mwanangu, chungu chenye ufa hakipiki kwa upande wake mzima." Akageuka kuwatazama wale wanawake wawili. "Shukeni."

Walishuka. Erasmo aliifuta dramu kwa kitambaa na kumwita Steven chini. Kijana alilala kando yake akamulika kwa simu. Ufa ulianzia ukingoni, ukaingia ndani kwa urefu wa kidole, mweusi, umenyooka. Steven aliugusa kwa ukucha. Akasema kwa sauti ya chini, "Na safari iliyopita nilikuwa na kaka yangu kwenye kiti cha pembeni."

Walipotoka chini, saa ilikuwa nane na dakika hamsini.

Placidi alikuwa amevua koti. Alisimama katikati ya malori mawili, akalielekezea moja kidole, halafu la pili.

"Mimi niliishia darasa la nne," alisema. "Nisahihisheni. Hili ni zima, halina dereva. Lile ni bovu, lina dereva. Au nimekosea wapi?"

Wote walimgeukia Erasmo, na mkono wa Erasmo ulikuwa umeshapanda wenyewe kifuani, kwenye kamba ya shingoni yenye ufunguo wa lori.

Ingekuwa uongo kusema kwamba hakuwa amelifikiria jambo hilo. Alilifikiria tangu Steven aliposhuka, na alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo analolijua. Kwa miaka ishirini na minne, Lubumbashi, Lilongwe, Tunduma, hakuna mtu mwingine aliyewahi kukaa kwenye kiti chake gari likiwa na mzigo. Wenzake walisema ni ubahili. Yeye aliuita uangalifu. Sasa aliuchunguza uangalifu huo kama alivyochunguza ile dramu, na sauti yake haikuwa safi.

"Jana ulilala saa ngapi?" alimuuliza Steven.

"Saa tatu. Nimeamka kumi na mbili. Nilipakia jioni nikalala kijijini."

Saa tisa za usingizi. Alipima. Upande mmoja, kijana mwenye tabia mbaya aliye macho. Upande wa pili, mtu wa tabia njema ambaye ubongo wake unazimika bila kumwarifu. Tabia mbaya unaweza kuiamuru. Usingizi hauamrishwi.

"Utaendesha hili," alisema. "Mimi nitakaa pembeni. Gia ya pili toka hapa mpaka chini. Siyo ya tatu, siyo mahali pamoja, hata ukiona barabara imenyooka mpaka Malawi. Breki unabana, unahesabu tatu, unaachia."

"Nimekusikia, kaka."

"Juu atakaa marehemu peke yake, amefungwa kamba. Hakuna mtu juu ya mzigo."

Manung'uniko yalianza hapo. Marehemu hasafirishwi kama gunia. Lazima watu wake wawe kandokando yake, wakiimba. Bibi mmoja alisema yeye atapanda, watamshusha kwa polisi.

"Mimi ndiye mtu wake," Vitalia alisema. "Nitakaa mbele, nitasali. Nyinyi mtashuka kwa njia ya mkato. Asiyeweza atangoja gari la Lituhi litoke Songea."

Placidi alilikunja koti lake, akalitia kwapani. "Njia hiyo niliishuka kabla huyu Steven hajazaliwa," alisema, akatangulia.

Kufunga jeneza kulichukua dakika ishirini. Erasmo aliisawazisha turubai, akapitisha kamba mara nne, akakaza mafundo mwenyewe. Kisha akaitoa kamba ya ufunguo shingoni. Steven aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea komunyo, na safari hii hakufanya mzaha.

Saa tisa na robo waliingia kwenye Ngazi.

Kona ya kwanza ilipita vizuri. Injini ililia juu, gari likang'ang'ania gia kama lilivyotakiwa, mwendo kilomita kumi na moja kwa saa. Baada ya kona ya pili barabara hunyooka kwa mita mia nne, na Erasmo aliuona mkono wa kushoto wa Steven ukiondoka kwenye usukani, ukielea juu ya gia. Haukutumwa. Ulikuwa ukienda mahali ulipozoea.

"Ya pili," Erasmo alisema.

"Najua." Mkono ulirudi. Jasho lilikuwa limemtoka kijana kwenye mdomo wa juu. "Kaka, linanisukuma."

"Linasukuma kila mtu. Bana. Moja, mbili, tatu. Achia."

Aliachia. Vitalia, katikati yao, alitoa rozari yake ya mbao. "Matendo ya uchungu," alisema. "Mtaitikia."

"Mimi ni Mwanglikana, mama," Steven alisema bila kuondoa macho barabarani.

"Endesha wewe. Huyu ataitikia."

Tendo la kwanza walilisali kwenye kona ya tatu, gurudumu la nje likipita nusu mita kutoka ukingoni. Chini yao yalionekana mabati ya Mbaha na ukanda mweupe wa mchanga. Erasmo aliitikia, akitazama kipimo cha upepo wa breki, mikono ya Steven, na kioo cha pembeni ambamo ncha ya jeneza ilionekana haitikisiki. Kilo nane za upepo. Vizuri. Vitalia alitangaza tendo la pili, Yesu anapigwa mijeledi. Salamu Maria, umejaa neema. Mbele yao kulikuwa na mfereji uliokata barabara na mti wa mninga ulioanguka, umekatwa, umesukumwa kando. Baada ya mti huo huja kona ya nne, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inainamia upande wa bonde. Alijiandaa kusema: sasa.

"Tendo la nne," alisema Vitalia. "Yesu anachukua msalaba."

Erasmo alitazama mbele. Palikuwa na mwamba mweusi wenye chokaa, alama ambayo wapima barabara waliiweka mwaka juzi. Mwamba ule upo baada ya kona ya tano.

Hakugeuza kichwa. Alilitafuta tendo la tatu, taji la miiba, na hakulipata. Alitafuta kona ya nne, na hakuipata. Kumi za tendo moja, kwa namna Vitalia alivyosali, zilichukua dakika nne hadi tano. Kwa mwendo ule ni mita mia nane au mia tisa, na kona mbili.

"Bana," alisema, maana ndilo neno lililokuwa tayari mdomoni.

"Nimeshabana, kaka. Naachia."

Hakusema tena. Kona ya sita, ya saba, ya nane, alizishika moja moja kwa macho kama mtu anayeshika kamba kisimani. Saa kumi na dakika kumi na sita, magurudumu yalitoka kwenye changarawe ya mlimani yakaingia kwenye udongo mwekundu wa tambarare. Steven alisimamisha gari, akavuta hendibreki, akauweka uso wake kwenye usukani na kukaa hivyo.

Erasmo alishuka, akagusa kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Ya moto, lakini mkono ulivumilia. Akapanda tena.

"Kona ya nne," alisema. "Ilikuwaje?"

Steven aliinua kichwa. "Ilikuwaje? Si ulikuwepo. Nilibana mapema, gari likavuta kulia kidogo, nikakutazama, nawe ukanitazama. Nikajua niko sawa."

"Nilikutazama."

"Macho makavu kabisa. Ningekuwa nimekosea ungesema."

Erasmo alimgeukia dada yake. Vitalia alikuwa akikunja rozari kiganjani, mizunguko midogo, kama alivyokunja leso zake tangu utotoni mwao.

"Tendo la tatu," alisema. "Niliitikia?"

"Salamu zote kumi." Alitaka kuongeza kitu, akasita. Akamtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama siku ile nzima, na akaelewa anachoulizwa. Mkono wake uliokuwa na rozari ulishuka juu ya goti lake. "Hukuruka hata moja, mdogo wangu," alisema taratibu.

Kelele za watu zilisikika kutoka vichakani. Wa kwanza kutokea alikuwa Placidi, matope mpaka magotini, koti bado kwapani, akiimba kwa sauti iliyokauka. Nyuma yake waliobaki walipokea wimbo mmoja mmoja kadiri walivyofika barabarani. Walilizunguka lori. Padri alikuwa amekwisha kutumiwa ujumbe, na jua lilikuwa bado na saa mbili.

Steven alizima injini ili waimbaji wasikike, akachomoa ufunguo, akamnyooshea Erasmo.

"Shika, kaka. Umbali uliobaki ni tambarare tupu. Nitapanda bodaboda nikangoje fundi kule juu."

Erasmo aliutazama ufunguo, na kamba yake iliyochakaa pale ilipozoea kugusa shingo.

"Aliyenifundisha kazi alikufa kwenye tambarare," alisema. "Kaa na ufunguo mpaka gatini. Mimi nitatembea na watu, tumbebe shemeji begani."

Akashuka kwa upande wake, akamsaidia dada yake kushuka, akaenda nyuma kufungua mafundo ya jeneza.